Kukata rufaa ya kesi ya mauaji na uchomaji wa ghorofa nchini Kenya, hatua kwa hatua

Moto wa ghorofani ukiua mtu na polisi wakaamini kwamba uliwashwa, mshtakiwa anaweza kujikuta na makosa mawili kichwani. La kwanza ni mauaji, kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu. La pili ni kuchoma jengo kwa makusudi, kifungu cha 332, ambacho kikomo chake ni kifungo cha maisha. Mwongozo huu ni wa aliyetiwa hatiani na jamaa zake wanaohangaika nje. Hauchukui nafasi ya wakili, ila utakusaidia kujua wakili anapaswa kufanya nini, na ufanye nini mwenyewe ikiwa huna wakili.

Rufaa nyingi za moto huanguka kwa sababu ile ile. Mrufani anatumia nguvu zake zote kusema "si mimi", na anaacha bila kuguswa swali linalotangulia: je, moto huo uliwashwa na mtu kweli? Swali hilo ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Jua ni mahakama ipi iliyohukumu

Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na rufaa yake huenda Mahakama ya Rufaa. Kosa la kuchoma jengo linaweza kusikizwa na hakimu, na hapo rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Kwa hiyo angalia nambari ya faili na jina la mahakama kwenye hati ya kifungo. Kama mashtaka yote mawili yaliamuliwa na jaji mmoja, rufaa ni moja. Kama yalikuwa kwenye faili mbili, unahitaji rufaa mbili, na kushinda moja hakufuti nyingine. Wapo waliopigania hukumu ya mauaji wakasahau kwamba kifungo cha faili ya hakimu bado kinawangoja.

Angalia pia kama ulikiri kosa. Aliyekiri mbele ya hakimu anaweza kukata rufaa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro: lugha asiyoielewa, au maelezo ya kosa ambayo hakusomewa.

Hatua ya 2: Siku 14

Ilani ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 14 pia, kwa kifungu cha 349 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Mara nyingi jaji humtia mtu hatiani leo na kusoma adhabu wiki kadhaa baadaye. Usikae ukingoja adhabu. Hesabu kuanzia siku uliyotiwa hatiani, na adhabu ikisomwa peleka ilani nyingine inayotaja tarehe zote mbili.

Ilani ni karatasi fupi. Iandike jina lako, nambari ya kesi, mahakama, jina la jaji, tarehe, na kama unapinga kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Andika vyote viwili. Sababu hazihitajiki bado. Aliye gerezani humkabidhi afisa msimamizi wa gereza, ambaye ana wajibu wa kuifikisha kwa msajili. Weka nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ilani ikipotea njiani, muhuri huo ndio utakaokuokoa.

Siku zikipita, si mwisho. Mahakama ya Rufaa inaweza kuongeza muda kwa kanuni yake ya 4, na Mahakama Kuu inaweza kuipokea rufaa iliyochelewa ikiwa kuna sababu njema. Ombi liambatane na hati ya kiapo inayoeleza kila kipindi cha kuchelewa kwa tarehe: lini ulihamishwa gereza, lini wakili alijitoa, lini uliomba nakala ya mwenendo wa kesi na ukajibiwa nini. "Sikujua sheria" peke yake haikubebi mbali.

Hatua ya 3: Pata rekodi nzima, siyo hukumu peke yake

Kifungu cha 50(5) cha Katiba kinakupa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi katika muda unaofaa kwa ada inayofaa. Andika barua kwa msajili mara moja, na ikisahaulika andika nyingine. Unachohitaji ni hati ya mashtaka, mwenendo uliochapwa tangu siku ya kwanza, hukumu, maneno ya kujitetea kabla ya adhabu, na vielelezo vyote: picha za eneo, mchoro wa fleti, ripoti ya zimamoto, ripoti ya Mkemia wa Serikali, ripoti ya daktari aliyepasua maiti, na fomu zilizoandamana na sampuli kwenda maabara.

Picha ndizo husahaulika kuliko vyote, na katika kesi ya moto ndizo ushahidi mkubwa. Nakala ya fotokopi nyeusi haifai kitu. Omba za rangi, au faili zenyewe za kamera.

Linganisha rekodi iliyochapwa na maandishi uliyochukua wewe au wakili wako kortini. Ukiona ushahidi umerukwa, andikia msajili mapema na unakili barua kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kuzusha jambo hilo siku ya kusikizwa kunaonekana kama ujanja.

Hatua ya 4: Soma rekodi kwa maswali matatu, kwa mpangilio

Chukua daftari, ugawe kurasa sehemu tatu: moto, mtu, nia. Kila jambo unaloandika litaje ukurasa na shahidi wa ngapi. Rufaa ya kwanza ni ya sheria na ya ukweli wa mambo. Tangu uamuzi wa Okeno wa 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maamuzi yake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Majaji wa rufaa hawatakuchambulia kila kitu kwa hiari. Wape kurasa.

Swali la kwanza: moto ulianzaje?

Tafuta ni nani aliyesema kwamba moto uliwashwa makusudi, na alijuaje. Shahidi wa utaalamu hutoa maoni chini ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi. Maoni hayo hayaifungi mahakama, na lazima yaonyeshe msingi wake. Je, ana mafunzo ya kuchunguza chanzo cha moto, au ni mzimaji moto hodari asiyejua uchunguzi? Alifika baada ya saa ngapi? Eneo lililindwa, au majirani walikuwa wameshaingia kuokoa magodoro?

Kisha pima sababu alizotoa. Mambo mengi yaliyofundishwa zamani kama dalili za petroli yamekataliwa na sayansi. Mwongozo wa kitaalamu wa kuchunguza moto unaotumika zaidi duniani, NFPA 921, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1992, na unadai kila dhana ya chanzo ijaribiwe dhidi ya dhana nyingine. Haya ndiyo madai unayoweza kuyakuta kwenye rekodi:

"Sakafu iliungua kwa mabaka kama mafuta yaliyomwagwa." Chumba kilichofungwa kikiwaka, tabaka la moshi chini ya dari hupanda joto hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Hapo kila kinachoweza kuungua chumbani hushika moto kwa mpigo, pamoja na sakafu, zulia na miguu ya viti. Baada ya hatua hiyo mabaka ya sakafuni hutokea bila tone la petroli, hasa karibu na mlango na dirisha ambako hewa inaingia. Mwaka 1991 huko Jacksonville, Florida, wachunguzi waliteketeza nyumba kwa makusudi ili kuijaribu hadithi ya mshtakiwa aliyesema kochi ndilo lililoanza kuwaka. Walitarajia chumba kichukue zaidi ya robo saa kufika hapo. Kilifika kwa chini ya dakika tano, bila petroli, na mashtaka yakaondolewa. Kwa hiyo muulize shahidi kupitia rekodi: je, chumba kilifika hatua hiyo? Kama hakuulizwa na hakusema, msingi wa maoni yake una shimo.

"Moto ulienda kasi mno kuwa wa kawaida." Godoro la povu na kochi la sponji huwaka kwa kasi ya kutisha. Fleti yenye vitu hivyo haihitaji petroli.

"Vioo vilikuwa na nyufa ndogondogo kama utando." Hizo hutokana na kioo cha moto kumwagiwa maji ghafla. Yaani ni kazi ya zimamoto wenyewe.

"Saruji ilibanduka." Saruji hubanduka kwa joto na unyevu uliomo ndani yake. Haithibitishi mafuta.

"Hatukupata hitilafu ya umeme wala gesi, kwa hiyo uliwashwa." Hii ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu inasikika kama akili ya kawaida. Kutopata sababu si kupata sababu. Toleo la 2011 la NFPA 921 liliikataa njia hii ya kufikia jibu kwa kuondoa mengine bila ushahidi wa hilo lililobaki. Kagua pia kama waliangalia kweli: nyaya za kuunganishwa kiholela, soketi iliyobebeshwa mzigo, mtungi wa gesi na mpira wake, jiko la makaa, mshumaa. Kama mtambo wa gesi au nyaya hazikuchukuliwa kuwa kielelezo, hazikuchunguzwa.

Kuhusu maabara, fuata sampuli kutoka sakafuni hadi kwenye ripoti. Nani aliichota, sehemu gani ya chumba, saa ngapi, aliiweka ndani ya nini? Mvuke wa petroli huponyoka kwenye mfuko wa plastiki wa kawaida. Chombo sahihi ni kopo safi la bati lenye kifuniko kinachobana, chupa ya kioo, au mfuko maalumu wa nailoni. Kila anayepokea lazima aonekane kwenye rekodi. Siku tatu zisizo na maelezo kati ya kituo cha polisi na maabara ni sababu ya rufaa inayosimama. Je, ilichukuliwa sampuli ya kulinganisha kutoka sehemu isiyoshukiwa? Bila hiyo, kemikali zinazotoka kwenye zulia na sponji zilizoungua zinaweza kusomwa vibaya kama mafuta.

Halafu kuna mafuta taa. Katika fleti inayopikia stovu, mafuta taa kupatikana jikoni hayathibitishi lolote. Yakipatikana mlangoni au kwenye ngazi, ni habari nyingine, na ni bora kuikabili kuliko kuikwepa.

Ripoti ya daktari nayo isomwe hapa. Masizi kwenye koo na mapafu, na kiwango kikubwa cha kaboni monoksaidi katika damu, huonyesha kwamba marehemu alikuwa hai moto ulipowaka. Mikono iliyokunjwa kama ya bondia na fuvu lililopasuka huweza kusababishwa na joto peke yake. Ikiwa upande wa mashtaka ulijenga hadithi ya kipigo kabla ya moto juu ya dalili hizo, onyesha daktari alisema nini hasa, na kama damu ilipimwa kabisa.

Huko Lowell, Massachusetts, moto wa jengo la makazi uliua watu 8 mwaka 1982, na Victor Rosario akatiwa hatiani mwaka uliofuata. Mwaka 2014 alipewa kesi mpya, na mahakama ya juu ya jimbo ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2017, baada ya ushahidi wa moto na ungamo lake kutazamwa upya. Maamuzi ya Marekani hayazifungi mahakama za Kenya, lakini yanaweza kutajwa kama ya kushawishi.

Swali la pili: nani?

Shahidi wa usiku lazima aulizwe juu ya mwanga. Uamuzi wa Maitanyi wa 1986 unataka mahakama ichunguze mwanga ulitoka wapi, ulikuwa na nguvu gani na ulikuwa umbali gani na mtu aliyeonekana. Moto humulika, lakini moshi huziba, na anayekimbia na mtoto mgongoni hatazami nyuso. Jaji akiwa hakuuchunguza mwanga, iseme hivyo kwa ukurasa.

Ikiwa ushahidi ni wa kimazingira (waligombana jioni, alinunua petroli, alionekana akiondoka), kipimo ni cha uamuzi wa Kipkering arap Koske, 1949: ukweli uliothibitishwa usikubali maelezo mengine yoyote ya busara isipokuwa hatia. Simoni Musoke, 1958, unaongeza kwamba lazima kusiwe na mambo mengine yanayodhoofisha hitimisho hilo. Bodaboda anayenunua lita mbili za petroli hajafanya jambo la ajabu.

Maneno ya mwisho ya marehemu hukubaliwa chini ya kifungu cha 33(a) cha Sheria ya Ushahidi, ila hupokewa kwa tahadhari kwa kuwa msemaji hawezi kuhojiwa. Majeruhi wa moto hupewa dawa kali za maumivu. Linganisha saa alipoongea na saa za dawa kwenye karatasi za hospitali.

Ungamo lazima litimize kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi: mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi, wa cheo kisichopungua Inspekta, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kuwepo kwa mtu huyo kuandikwe wazi.

Utetezi wa kwamba ulikuwa kwingine hauhamishi mzigo wa kuthibitisha. Kagua kama hukumu imesema "mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha alikuwa wapi." Sentensi ya namna hiyo ni zawadi kwa mrufani.

Swali la tatu: nia

Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu kinataja nia ya kuua au kudhuru vibaya, kujua kwamba kitendo kitaelekea kuua, na pia nia ya kutenda kosa kubwa. Kwa sababu hiyo ya mwisho, upande wa mashtaka husema kuchoma jengo kunatosha. Kwa hiyo shtaka la kuchoma likianguka, la mauaji mara nyingi hubaki bila mguu. Kifungu cha 332 nacho kinataka kitendo cha makusudi: stovu iliyopinduka katika vurugu haikuwashwa ili kuchoma nyumba. Kama ukweli unaelekea huko, omba katika mbadala hukumu ya kuua bila kukusudia. Kuomba mbadala si kukiri.

Hatua ya 5: Makosa ya utaratibu

Haya yaangaliwe haraka. Jaji alibadilishwa katikati? Kifungu cha 200(3) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kinachohusu Mahakama Kuu pia kupitia 201(2), kinamtaka jaji mpya amweleze mshtakiwa haki ya kuita mashahidi upya. Kulikuwa na mkalimani kila siku? Mshtakiwa wa mauaji alikuwa na wakili wakati wote? Hukumu imetaja hoja za kuamuliwa na sababu za uamuzi, kama kifungu cha 169 kinavyotaka? Kumbuka kwamba kasoro isiyomdhuru mshtakiwa husamehewa chini ya kifungu cha 382, kwa hiyo eleza ilikudhuru vipi. Tena, kosa la utaratibu likikubaliwa peke yake, matokeo yanaweza kuwa kesi kurudiwa upya, si kwenda nyumbani.

Hatua ya 6: Andika sababu za rufaa

Ziwe zenye nambari, fupi, bila hoja ndefu. Sababu mbaya: "Jaji alikosea kwa kunitia hatiani bila ushahidi." Sababu nzuri: "Jaji alikosea kisheria na kiukweli kwa kuamua kwamba moto uliwashwa kwa petroli, ilhali shahidi wa 9 hakuchukua sampuli ya kulinganisha na shahidi wa 11 hakueleza sampuli ilikuwa wapi kwa siku tatu." Tano au sita zilizonolewa hushinda ishirini. Hoja zenyewe huingia kwenye mawasilisho ya maandishi.

Adhabu iwe na sababu yake. Uamuzi wa Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017 uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, kwa hiyo jaji lazima aonyeshe kwamba alipima hali yako. Angalia pia kama siku za rumande zilihesabiwa, kifungu cha 333(2). Ila ujue kwamba mahakama inaweza kuongeza adhabu. Ikikuonya juu ya hilo, fikiria mara mbili kabla ya kuendelea na hoja ya adhabu.

Hatua ya 7: Ushahidi mpya wa kitaalamu

Mahakama ya Rufaa inaweza kupokea ushahidi wa ziada kwa kanuni ya 31, lakini kwa nadra. Vipimo vya uamuzi wa Elgood, 1968, ni vigumu: haukuweza kupatikana wakati wa kesi, unahusika, unaaminika, na ungeweza kuleta shaka. Mtaalamu ambaye angeweza kuitwa tangu mwanzo hupata shida kwenye kipimo cha kwanza. Ndiyo maana ni bora mtaalamu asaidie kwanza kuandika hoja zinazotoka kwenye rekodi yenyewe.

Hatua ya 8: Dhamana na wakili

Dhamana wakati wa rufaa huombwa chini ya kanuni ya 5(2)(a) ya Mahakama ya Rufaa, au kifungu cha 357 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kwa rufaa iliyoko Mahakama Kuu. Kwa mauaji hutolewa kwa nadra sana, pale rufaa inapoonekana wazi kushinda au kuna hali isiyo ya kawaida. Asiye na uwezo wa wakili aombe msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016.

Hatua ya 9: Siku ya kusikizwa na baada yake

Katika Mahakama ya Rufaa, majaji watatu watakuwa wameshasoma mawasilisho. Tumia dakika zako kwa hoja mbili tu, na taja kurasa. Rufaa ikikubaliwa, unaweza kuachiliwa, kosa kushushwa, adhabu kupunguzwa, au kesi kurudiwa.

Ikikataliwa, Mahakama ya Upeo husikiza tu suala la kufasiri au kutumia Katiba, au jambo lililothibitishwa kuwa na umuhimu kwa umma mzima. Njia nyingine ni kifungu cha 50(6) cha Katiba: ombi kwa Mahakama Kuu la kesi mpya, kwa aliyemaliza ngazi za rufaa au ambaye muda wa kukata rufaa umempita, pale ushahidi mpya na mzito unapopatikana. Hapo ndipo ripoti ya maabara iliyochelewa kufichuliwa, au shahidi aliyejitokeza miaka mingi baadaye, hupata mlango. Njia ya huruma ya Rais, kupitia kamati ya kifungu cha 133 cha Katiba, inabaki wazi, lakini hiyo haifuti hatia bila msamaha kamili. Wakati huo wote, hakikisha vielelezo haviteketezwi. Andikia msajili na kituo cha polisi ukiomba vihifadhiwe, na uweke nakala ya kila barua iliyogongwa muhuri.